Njia ya kiangazi: miaka yangu na GPS, kwenye pikipiki na kwenye gari

Aprili 2018 mteja wangu wa Turiani, mkoani Morogoro, alinipigia simu akiwa na haraka. Pampu ya sola niliyomfungia imegoma, tangi limekauka, na kuku wake wananyweshwa kwa ndoo. Mimi ni fundi wa pampu, naishi Korogwe, na wakati huo usafiri wangu ulikuwa pikipiki ya cc 150. Nikamwambia kesho kabla ya saa nane mchana nitakuwa kwako.

Njia niliyoizoea ni ile ya mabasi: Korogwe, Segera, Chalinze, Morogoro, Dumila, kisha Turiani. Ni safari ya kutwa. Usiku ule nikafungua ramani kwenye simu, nikaandika Turiani, na ramani ikanionyesha njia nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria: Korogwe hadi Handeni, halafu kukata moja kwa moja kusini kupitia Mziha. Chini ya nusu ya kilomita za njia kuu. Saa tatu na dakika arobaini, ndivyo ilivyoandika. Nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha. Nikapiga hesabu ya mafuta nitakayookoa, nikalala.

Asubuhi Handeni nilijaza tangi. Pembeni ya sheli kulikuwa na mzee anachoma mahindi chini ya mwavuli, maana manyunyu yalikuwa yameanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapi na mzigo wote huo?"

"Turiani, mzee. Napita Mziha."

Akaangalia mawingu, akaangalia matairi yangu. "Hiyo njia ya kiangazi hiyo. Sasa hivi mto haujatulia."

Nikamwonyesha simu. Mstari wa bluu umenyooka, saa ya kufika imeandikwa. Akaitazama kwa adabu, akanirudishia. "Haya. Kama simu imekwambia."

Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi. Mzee yule alikuwa na taarifa niliyoihitaji kuliko kitu chochote siku ile, akanipa bure, na mimi nikamjibu kwa kioo cha simu. Sikumuuliza hata mto upi, wala kama kuna mtu aliyetoka upande ule wiki hiyo. Dakika mbili za maswali zingeniokoa siku mbili.

Kilomita za mwanzo zilikuwa nzuri, vumbi lililolowa kidogo. Baadaye udongo ukabadilika rangi, ukawa mweusi, ule wa mbuga. Anayeufahamu hahitaji maelezo. Ukilowa haukutelezeshi tu, unakushika. Unajaa kati ya tairi la mbele na madigadi mpaka tairi linaacha kuzunguka, unashuka, unachokoa kwa kijiti, unasukuma mita thelathini, unajaa tena. Nilianguka mara tatu. Harufu ya klachi ikaanza kunukia. Na muda wote huo simu, nikiitazama, inaniambia nimebakiza saa moja na nusu. Ilikuwa inachukua kilomita zilizobaki na kuzigawanya kwa mwendo wa barabara ambayo haikuwepo.

Halafu nikafika njia panda ya vijia vitatu, na hapo ndipo nilipoona kosa la pili. Mtandao ulikuwa umekata tangu zamani. Ramani nilikuwa nimeifungulia nyumbani kwa bando, ikabaki ule mstari tu na ukanda mwembamba pembeni yake. Nilipokosea kijia na kutoka nje ya mstari, ikajaribu kutafuta njia upya, ikashindwa, ikabaki karatasi ya kijivu na kidoti cha bluu katikati. Kidoti kilikuwa sahihi kabisa. Najua hivyo sasa. Simu ilijua nilipo, ila haikuwa na picha ya kuniwekea. Nilifuata njia ya wachoma mkaa kwa karibu saa nzima nikidhani ndiyo yenyewe.

Mtoni nilifika jua linazama. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita juu ya mahali pa kuvukia, na upande wa pili naona alama za matairi zinaendelea. Nilikaa chini. Sioni aibu kusema nilitetemeka, maana nilikuwa peke yangu, chaji imebaki asilimia tisa, mama watoto hajui nilipo, na hakuna hata nukta moja ya mtandao ya kumwambia. Mungu mwema, mama mmoja na wanawe walikuwa wanarudi kutoka shambani. Wakanipeleka kwao, nikapewa ugali na mlenda na mkeka wa kulalia. Kabla ya kulala nikachomeka simu kwenye chaja ya pikipiki pale uani, iende usiku kucha. Alfajiri nikabonyeza kitufe cha kuwasha pikipiki, kimya. Betri ilikuwa imenyonywa. Kiki ndiyo iliyoniokoa.

Maji yalipungua saa tano asubuhi. Vijana wanne walibeba pikipiki begani kama jeneza, nikawapa elfu ishirini. Turiani nikaingia saa kumi jioni ya siku ya pili, nikakuta mteja ameshaita fundi kutoka Morogoro. Kazi ya laki moja na themanini ikaenda. Sahani za klachi zikanigharimu elfu thelathini na nane na ufundi juu. Mteja alinikaribisha chai, hakunilaumu, lakini hajanipigia tena hadi leo.

Baada ya hapo niliamua kujifunza chombo hiki kwa undani, kwa sababu kukiacha nisingeweza. Kazi yangu ni kutafuta visima vijijini. Niliyoyajua kwanza nayaeleza hapa kwa sababu bado nakutana na watu wengi, madereva wazoefu kabisa, wanaoamini GPS inakula bando. Haili. GPS ni setilaiti za Marekani, zaidi ya ishirini na nne, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja inatangaza muda wake na mahali ilipo. Simu yako inasikiliza tu, kama redio inavyosikiliza kituo. Ikizisikia nne kwa pamoja inapiga hesabu ya ulipo. Haitumi chochote kwenda juu. Simu za siku hizi zinasikiliza pia za Urusi, za Ulaya na za China, ndiyo maana zinakamata haraka. Mpaka mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wanaichafua kwa makusudi ile ishara ya raia, ikikosea hata mita mia. Mei mwaka huo wakaacha, na vifaa vya barabarani vikaanza kuwa na maana kwa watu kama sisi.

Kinachokula bando ni picha ya ramani, taarifa za foleni, na kutafuta majina. Kwa hiyo pakua ramani nyumbani kabla ya kuondoka. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo, ila ujue kwamba baada ya muda inakutaka uisasishe, na eneo ulilolisahau linafutika. Mimi natumia zaidi OsmAnd na Organic Maps, ambazo zinapakua nchi nzima na zinatafuta njia bila mtandao kabisa, hata ukipotea zinapanga upya hapo hapo. Zote mbili zinachota ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Jiji la Dar es Salaam limechorwa vizuri mno humo, hadi mifereji ya maji, kwa sababu ya kazi ya Ramani Huria ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaani walitembea na kurekodi maeneo yanayofurika. Vijijini ni bahati yako. Kuna kijiji utakuta kila njia ya ng'ombe ipo, na jirani yake ni jina tu kwenye uwanja mtupu.

Jambo jingine la chaji. Ukiingia eneo lisilo na mtandao, simu inahangaika kuutafuta na hiyo ndiyo inayomaliza betri kuliko GPS yenyewe. Weka hali ya ndegeni. Kwenye simu nyingi za sasa GPS inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Siku ile ningelijua hilo, ningefika mtoni na nusu ya chaji.

Sasa pikipiki yenyewe. Stendi ya simu ya kwanza niliinunua elfu kumi na mbili, ya plastiki, ya kubana kwa springi. Ilidumu wiki mbili. Kwenye rasta za Mombo, vile vituta vidogo vya barabarani, simu ikaruka, lori lililokuwa nyuma likaipita juu. Nikanunua ya chuma yenye kona nne na mpira, elfu thelathini na tano, simu haikuanguka tena. Lakini baada ya miezi mitano kamera ikaanza kutetemesha picha na kukataa kuona vizuri. Fundi simu akabadilisha kamera, miezi minne ikarudi vile vile. Niliona ni simu mbovu hadi niliposoma, mwaka 2021, kwamba Apple wenyewe wamewaonya wateja wao: mtetemo wa injini ya pikipiki yenye nguvu, unaopanda kupitia usukani, unaweza kuharibu vile vyuma vidogo vinavyotuliza picha ndani ya kamera. Simu yangu haikuwa ya Apple, lakini kamera yake nayo ilikuwa ya aina hiyo ya kujituliza. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: simu yako nzuri ikae mfukoni. Usukani upewe simu ya pili, kuukuu, yenye betri inayokaa na kamera usiyoijali. Nilinunua ya mtumba kwa elfu themanini, haina laini, imejaa ramani tu. Haijanikosesha usingizi tangu siku hiyo.

Chaja nayo. Fundi wa kwanza aliunga waya wangu moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, kwa sababu ndiyo kazi ya dakika tano. Ndiyo ile iliyoninyonya betri usiku. Mwambie fundi achukue umeme baada ya swichi ya ufunguo, ili ukizima pikipiki na chaja izime, na aweke fyuzi ndogo kwenye waya mwekundu. Kwa mvua, tundu la chaji ndilo adui. Maji yakiingia wakati umeme unapita, chuma cha ndani kinaliwa kijani na simu haichaji tena. Mfuko wa plastiki wenye kioo unasaidia mvua lakini ukiufunga juani simu inachemka na kujizima. Mimi natumia mfuko mvua ikinyesha, ikikata nautoa.

Na sauti. Kwa miaka miwili nilikuwa naangalia kioo. Siku moja karibu na Muheza niliinua macho nikakuta ng'ombe katikati ya barabara, mita kumi. Nilipita kati yao wawili, sijui vipi. Tangu siku ile nimeweka earphone kwenye sikio moja, chini ya helmeti, naisikiliza inasema geuka kushoto, na kioo nakiangalia nikiwa nimesimama. Sikio la pili liache wazi kwa ajili ya honi za malori.

Mwishoni mwa 2019 nikaona ni wakati wa kununua kifaa chenyewe. Nikaenda Kariakoo, nikasema nataka GPS ya pikipiki, nikalipa laki moja na ishirini pamoja na kufungiwa. Nilipouliza kioo kiko wapi, kijana akashangaa: kioo cha nini? Alikuwa ameniuzia kifaa cha kufuatilia chombo, chenye laini ya simu ndani, kinachokutumia ujumbe pikipiki ilipo ikiibwa. Ni cha familia ile ile na vile ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inavitumia kufuatilia mwendo wa mabasi. Ni kitu kizuri, na sijakitoa, lakini hakikuonyeshi njia. Kwetu neno GPS linabeba vyote viwili, kwa hiyo ukifika dukani sema waziwazi: nataka cha kuelekeza njia, au nataka cha kufuatilia chombo.

Cha kuelekeza nilikipata baadaye kwa mzungu aliyemaliza safari yake ya Afrika kwa pikipiki na kuuza kila kitu. Laki tatu na nusu. Kina kioo kinachogusika kwa glovu, hakiingizi maji, kinaonekana juani saa saba mchana, na mtetemo hakiujali. Kwa anayeishi barabarani, tofauti na simu ni kubwa. Lakini ndani kilikuwa na ramani ya Ulaya. Nilidhani nimetapeliwa tena, nikakaa nacho mwezi mzima kabatini. Kumbe kinapokea memori kadi yenye ramani ya OpenStreetMap, bure, na kuna ramani za kulipia za Tracks4Africa ambazo zinajali sana njia za vumbi na muda halisi wa kuzipita. Kilinishtua pia kwa tarehe: kilikuwa kinasema tuko mwaka 2000. Sababu ni kwamba ishara ya GPS inahesabu wiki hadi 1,024 kisha inarudi sifuri, na Aprili 2019 ilirudi. Vifaa vya zamani visivyosasishwa vikadhani tumerudi nyuma miaka kumi na tisa na nusu. Mahali kinaonyesha sawasawa, tarehe ndiyo inayopotea. Ukinunua mtumba, angalia tarehe kwanza. Ikiwa ya ajabu, jua kwamba kifaa hakijasasishwa siku nyingi na ujadili bei.

Lakini makosa yaliyonipotezea muda mwingi kuliko yote hayakuwa ya mashine. Yalikuwa ya majina na ya lokesheni. Mteja anasema niko Majengo. Majengo ipi? Kila mji una Majengo yake, na Mbuyuni yake, na Njia Panda yake, na ramani itakupeleka kwa ile inayoijua. Nikaanza kusema, "Nitumie lokesheni kwa WhatsApp." Afadhali, lakini nayo ina mtego. Mteja mmoja wa Lushoto alinitumia akiwa sokoni mjini, mimi nikapanda mlima kutoka Mombo, kona baada ya kona, nikafika katikati ya soko nikapiga simu: kaka nimefika, nyumba ipi? Yeye tayari yuko kijijini kwake, kilomita kumi na nane nyingine. Siku hizi namuuliza mtu: umesimama kisimani sasa hivi? Kama hayupo, namwomba asitume mpaka afike. Na namwambia atoke nje ya nyumba, asubiri dakika moja, aangalie pale chini panapoandikwa usahihi wa mita ngapi. Ikiandika mita mia tano, hiyo ni hesabu ya minara ya simu, asitume. Ikishuka hadi mita kumi na kitu, atume.

Kuna wanaotuma namba, hasa watu wa miradi. Hapo angalia alama ya kutoa. Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa mbele au herufi ya kusini. Nilitumiwa siku moja namba ya kisima kwa ujumbe mfupi, mtu akaisahau ile alama, na ramani ikanionyesha milima ya Ethiopia. Hilo niliona mapema kwa sababu umbali ulikuwa wa kutisha. Baya zaidi ni kuchanganya mtindo wa digrii na dakika na ule wa nukta. Hapo inakukosesha kilomita chache, au hata makumi, na huwezi kushtuka mpaka uko porini.

Tangu 2022, zoezi la Anwani za Makazi liliposimamisha nguzo za majina ya mitaa na vibao vya namba za nyumba, mambo ya mjini yamekuwa rahisi. Naomba namba ya nyumba na jina la mtaa, naingiza kwenye NaPA, programu ya serikali ya anwani hizo. Vijijini bado namtegemea mwenyekiti wa kitongoji.

Gari nililinunua 2021, mtumba kutoka Japani kama ya wengi wetu. Lilikuja na kioo kikubwa kwenye dashibodi, na nilimwambia mke wangu kwamba sasa tumeagana na simu za kufungwa kwa mpira. Nikaliwasha: maandishi yote Kijapani, sauti ya dada mpole anasema jambo nisilolielewa kila ninapowasha. Mshale wa gari unatembea kwenye uwanja mtupu, maana ramani iliyomo ni ya Japani pekee, na sisi tuko upande mwingine wa bahari. Fundi mmoja akaniahidi kubadilisha lugha na kuweka ramani ya Tanzania, akachukua elfu tisini, akakaa nalo siku mbili. Lilirudi halifungui hata redio, linadai kadi ya ramani ambayo sasa haipo. Nawaambieni wenzangu mnaosubiri gari bandarini: mfumo ule wa Kijapani, kwa magari mengi, haugeuzwi. Usilipe mtu akuaminishe vinginevyo mpaka umeona kwa macho gari la aina yako, la mwaka wako, limefanyiwa na linafanya kazi. Na usiitoe ile kadi ya kwenye redio hovyo.

Nikaweka redio ya Android, laki mbili na elfu sitini. Wiki ya kwanza ilikuwa inanionyesha nikiendesha juu ya mapaa ya nyumba za watu. Antena ndogo ya GPS, kale kaboksi keusi kenye sumaku, fundi alikuwa amekatupa nyuma ya redio katikati ya vyuma. Inatakiwa ione mbingu. Nilikahamishia juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, ikatulia siku hiyo hiyo. Wenye tinti ya chuma kwenye kioo cha mbele wanapata shida zaidi, antena yao waiweke nje. Na kama bado unatumia simu ndani ya gari, iweke mbele ya tundu la AC, usiiweke juu ya dashibodi. Watengenezaji wengi wanataja nyuzi joto 35 kuwa ndio mwisho wa hewa ya kufanyia kazi, na gari lililofungwa Dar saa saba mchana linavuka hapo ndani ya dakika chache.

Dar es Salaam ilinifundisha somo jingine nililodhani ni la vijijini tu. Nilikuwa natokea Kimara kwenda Mwenge, na ramani niliyoipakua ilikuwa ya mwaka uliopita, kabla daraja la Kijazi pale Ubungo halijafunguliwa. Yenyewe inaona makutano ya taa, mimi naona barabara za ghorofa. Ikasema geuka kushoto, kushoto hakuna, nimeshapanda juu. Hata ramani ikiwa mpya, GPS ni dhaifu kwenye kimo. Barabara mbili zikipishana juu na chini, haijui uko ipi. Kwenye daraja kama lile soma mabango na uache kifaa kijipange chenyewe mbele. Kwa Kigamboni nayo, angalia kama mstari unapita darajani au unakatiza maji pale Magogoni. Ramani inahesabu kivuko kama kipande cha barabara, haioni foleni ya magari yanayosubiri pantoni.

Kwa hiyo safari yangu sasa inaanza usiku, na inaanza kwa simu ya kupiga. Ramani inanipa njia mbili au tatu. Natafuta kijiji kilicho katikati ya ile ninayoitaka, natafuta mtu wa huko, fundi mwenzangu, mwenye duka la pembejeo, dereva wa bodaboda niliyewahi kuchukua namba yake, namuuliza maswali matatu tu: leo gari gani limepita hapo, mvua ilinyesha lini, na wewe ungepita? Hilo la tatu ndilo linalotoa ukweli. Mtu anaweza kukwambia njia nzuri kwa kutokukuvunja moyo, lakini ukimuuliza kama yeye angepita, anafikiri. Kwa barabara ya vumbi kavu nahesabu kilomita thelathini kwa saa kwenye pikipiki, hata kifaa kiseme nini. Udongo mweusi uliolowa sihesabu, naahirisha. Na kabla mtandao haujakata namtumia mke wangu mstari wa njia na jina la kijiji nitakacholala kama nikikwama, ajue pa kuanzia kuulizia.

Septemba 2023 nilirudi kwenye ile njia ya Mziha, kwa pikipiki, makusudi. Pale sheli ya Handeni mwavuli ulikuwepo ila anachoma mjukuu wake. Nilimuuliza hali ya njia, akasema malori ya mahindi yanapita kila siku. Nilitumia saa nne kasoro. Udongo ule mweusi ulikuwa umepasuka mapande, mgumu kama tofali, na mtoni nilivuka juu ya mchanga mkavu, kuna watoto wamechimba kisima cha kuchotea maji katikati ya mkondo. Nilimtafuta yule mama nikampelekea kilo tano za sukari na khanga. Aliniuliza kama siku ile nilifika.

Nikasimama pale kwenye kivuko nikarekodi nukta, nikapiga picha pande zote mbili, na jioni Turiani nikaingia kwenye OpenStreetMap nikaweka alama: hapa barabara inapita ndani ya maji, udongo, haipitiki masika. Pale njia panda nikavichora vijia vyote vitatu, na ile ya wachoma mkaa nikaiandika kuwa kijia cha miguu. Mwezi uliofuata nilipopakua ramani upya nikaenda moja kwa moja kuiangalia. Ilikuwepo.